Kriketi: kwa nini kupiga mipira mia kwenye neti hakumkuzi mpigaji

Mrushaji akiachia mpira kwa kasi ya kilomita 130 kwa saa, mpigaji ana karibu nusu sekunde kabla haujamfikia. Wiketi hadi wiketi, yaani vile vijiti vitatu vya kila upande, ni mita 20.12, lakini mpira huachiwa karibu na mstari wa upande mmoja na kukutana na gongo karibu na mstari wa upande wa pili, kwa hiyo safari yake ni kama mita 17 tu. Katika nusu sekunde hiyo, jicho na ubongo huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde kabla mwili haujaitika, na gongo nalo linahitaji muda wa kushuka. Maana yake ni kwamba mpigaji hana nafasi ya kungoja mpira udunde ndipo aamue. Mpigaji mzoefu huanza kusoma mapema: anavyokuja mrushaji, bega lake, kiganja chake, na mahali mpira ulipotokea mkononi.

Hapo ndipo lilipo fundo la mazoezi ya kriketi. Wengi huyachukulia kuwa ni kurudia pigo mpaka mkono uzoee. Mkono kuzoea ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jicho kujua litazame nini, na kichwa kuchagua pigo moja kati ya matano kabla muda haujaisha. Zoezi lisilodai uchaguzi wowote humpa mchezaji pigo zuri la mazoezini ambalo mechini halionekani.

Neti zinaficha nini

Neti, yaani njia ya mazoezi iliyozungushiwa nyavu, ni msaada mkubwa: mpira hauendi mbali na mtu hupiga mara nyingi kwa muda mfupi. Tatizo ni namna zinavyotumiwa. Warushaji wanne au watano hujipanga foleni, kila mmoja anarusha mara moja na kurudi nyuma, na mpigaji anapokea mpira kila baada ya sekunde 15 au 20 kutoka kwa mtu tofauti. Mechini hali si hiyo. Mpigaji hukabiliana na mrushaji mmoja katika ova ya mipira sita, humsoma, hutegewa mtego, na kati ya mpira na mpira ana muda wa kutazama wazuiaji, wale wanaoukamata mpira uwanjani, wamesimama wapi. Kwenye neti hakuna wazuiaji. Mpira ukigusa ukingo wa gongo na kwenda nyuma, mpigaji anahesabu mikimbio minne, yaani pointi nne, na mechini ungekuwa mikononi mwa mdakaji wa slipu, anayesimama nyuma ya mpigaji kwa pembeni. Akiangushiwa wiketi anaokota vijiti na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mrushaji naye huharibika humo humo. Anafupisha mwendo wake wa kukimbia kwa sababu nafasi ni ndogo, anavuka mstari bila mtu kumwambia, kisha siku ya mechi mwamuzi anaita mrusho batili na yeye anashangaa. Kisigino kinaweza kutua juu ya mstari, lakini sharti sehemu fulani ya mguu wa mbele, hata kama iko hewani, iwe nyuma ya mstari wa kupigia, ule uliochorwa mbele ya vijiti, wakati mguu unatua. Chora mstari huo kwa chaki kila siku, na mtu mmoja asimame pale kama mwamuzi.

Marekebisho mengine hayahitaji vifaa vipya. Warushaji wawili warushe ova nzima kwa kupokezana na wengine wafanye zoezi jingine pembeni. Kabla ya mpira wa kwanza, mrushaji atangaze wazuiaji wake wako wapi, au kocha apange koni tisa kuwawakilisha. Mpigaji apewe kazi: mipira 24, mikimbio 20. Akitolewa, anapoteza mikimbio mitano na anatoka nje ya neti kwa ova nzima akisubiri. Kusubiri huko ndiko kunakofundisha, kwa sababu mpira unaofuata unakuwa na thamani.

Msingi wa kupiga

Kabla ya kuchanganya mambo, kuna vitu vichache ambavyo vikikosewa kila kitu juu yake kinayumba. Mshiko ni wa kwanza. Laza gongo chini, uso wake ukitazama ardhi, kisha liokote kwa mikono miwili kama unavyookota shoka. Kidole gumba na cha shahada vya kila mkono vinafanya umbo la V. V zote mbili zielekee mstari mmoja mgongoni mwa gongo, kati ya uti wake na ukingo wa nje. Kosa la kawaida ni mkono wa chini kukamata kwa nguvu zaidi ya ule wa juu. Uso wa gongo unajifunga, na mpira uliopaswa kwenda mbele unapaa kuelekea upande wa mguu, yaani upande wa mgongoni mwa mpigaji, mikononi mwa mtu.

Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, uzito uwe mbele ya nyayo wala si kisiginoni. Kichwa kikae juu ya vidole vya miguu, macho mawili yakiwa usawa mmoja. Jambo la kichwa ni zito kuliko linavyoonekana. Kikiinama upande wa ofu, yaani upande ambao kifua cha mpigaji kinatazama, mwili mzima hufuata, mguu wa mbele unavuka njia ya mpira, na gongo linalazimika kuuzunguka. Hivyo ndivyo watu wanavyotolewa kwa mguu kuziba wiketi (mpira unagonga mguu badala ya vijiti ulivyokuwa ukiviendea), mara kwa mara, na mwalimu anayewaambia "cheza moja kwa moja" anatibu homa na kuuacha ugonjwa.

Zoezi la kuanzia ni mpira wa kudondoshwa. Mwenzako asimame upande wa ofu, kama mita moja na nusu kutoka kwako na mbele kidogo, mkono ukiwa umenyooshwa usawa wa macho yake. Anauachia mpira, haurushi. Wewe unakanyaga mbele na kuupiga baada ya kudunda mara moja, ukielekea koni mbili zilizowekwa mita 15 mbele, zikiachana mita tatu. Piga kumi, pumzika, piga kumi tena, seti tatu. Bega la mbele na kichwa vitangulie, mguu uvifuate, na mpira upigwe chini ya macho. Mpira ukipaa, umeupiga ukiwa mbele mno au kichwa kimerudi nyuma. Ukiona mguu umetua, umesimama, ndipo gongo linakuja, basi unafanya vitendo viwili badala ya kimoja na uzito wako hauendi na pigo. Rudia seti moja kwa mkono wa juu peke yake, ukishika gongo chini zaidi kama ni zito. Mkono huo ukichoka baada ya mapigo sita, umejua kwa nini mkono wa chini hutawala.

Kuna kipimo kidogo ambacho kocha yeyote anaweza kukitumia. Paka mpira chaki nzito, mpigaji apokee mipira 12, kisha geuza gongo mlitazame pamoja. Alama zilizokusanyika kiganja kimoja juu ya ncha ya chini ziko mahali pake. Zikiwa nyingi kwenye ncha yenyewe, mpigaji anaufikia mpira kwa mikono wakati mwili umebaki nyuma. Zikijipanga kwenye ukingo wa nje, mikono iko mbali na mwili au gongo linashuka kwa mshazari. Zikiwa juu karibu na mpini, anasogea mbele kwa mipira inayopanda ambayo alipaswa kurudi nyuma kuicheza. Mchezaji anayebishana na maneno ya kocha ni nadra kubishana na chaki.

Kuchanganya, hata kama kunaonekana vibaya

Mpigaji akipokea mipira 30 ya aina moja mahali pamoja, kufika ya ishirini anapiga kwa uzuri wa kupendeza. Wazazi wanaotazama wanafurahi, kocha anafurahi. Akirudi baada ya siku tatu, sehemu kubwa ya uzuri ule haipo. Akipokea mipira 30 iliyochanganywa, mfupi, mrefu, wa ofu, wa miguuni, anakosea zaidi siku hiyo, lakini kilichoingia kinakaa. Watafiti wa ujifunzaji wa viungo wamekiona kitu hiki katika michezo mingi, na makocha wengi bado wanakikwepa kwa sababu kikao chenye makosa mengi kinaonekana kama kikao kibovu.

Kwa hiyo mpira usiobadilika uwe dawa ya muda. Pigo likiwa jipya au limevunjika, fanya mipira kumi ya aina moja kulipata tena, kisha ishirini iliyochanganywa bila taarifa. Don Bradman, aliyemaliza mechi zake za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, na wastani wa mikimbio 99.94, utotoni kwao Bowral, Australia, alikuwa akipiga mpira wa gofu kwa kijiti cha wiketi dhidi ya kitako cha matofali cha tangi la maji. Mpira ule ulirudi kwa kasi na kwa pembe asizoweza kuzitabiri, na kijiti chembamba hakikusamehe kosa. Hakuna aliyempangia zoezi lile, lakini lilikuwa na kila kitu: jicho, uamuzi, muda mfupi na mpira usiojirudia.

Zoezi la kunoa jicho ni la sauti. Mpigaji anasema kwa sauti "mbele" au "nyuma" kabla mpira haujadunda, kisha anacheza alivyosema. Wiki ya kwanza sauti huchelewa, hutoka pamoja na mdundo au baada yake. Hapo muulize alikuwa anatazama nini. Wengi hutazama uso wa mrushaji au mwili wote kwa jumla. Mwambie atulie kwa ujumla mrushaji akiwa anakimbia, kisha abane jicho kwenye eneo ambalo mkono utaachia mpira. Jingine ni kuacha: mipira 12, mpigaji aguse ile tu inayoelekea vijiti. Kujua wiketi yako iko wapi bila kuitazama ni ujuzi kamili, na haufundishwi kwa kupiga.

Mipira ya kurushwa na kocha kwa mkono kutoka mita 10 ni zoezi bora kwa muda wa kuitikia. Kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa kutoka hapo, mpigaji anapata ile ile nusu sekunde. Lakini kocha aliyesimama haonyeshi hatua, wala mruko, wala bega la mrushaji halisi, na mashine ya kurushia mipira haionyeshi kabisa. Vitumie kujenga pigo. Usivitumie kumwandaa mtu kwa mechi ya Jumamosi, maana vinamnyima zile dalili anazotakiwa kujifunza kuzisoma.

Mikimbio inayopotea katikati

Kutoka mstari hadi mstari ni mita 17.68. Mikimbio mitatu ni kama mita 53 na migeuko miwili, na muda hupotea kwenye migeuko kuliko kwenye mbio. Wengi hugeuka wakiwa wamesimama wima, mgongo ukiwa kwa mpira. Badili gongo mkono ukiwa njiani ili ukigeuka kifua kitazame ulipo mpira, shuka chini, nyoosha mkono na telezesha gongo ardhini kuanzia kama mita mbili kabla ya mstari. Gongo likiwa hewani juu ya mstari, bado uko nje. Fanya mikimbio miwili mara sita ukiwa na pedi na kofia, kwa mapumziko ya sekunde 30, na mtu apime kwa saa. Maneno ya kuitana kukimbia yawe matatu tu: "ndiyo", "hapana", "subiri". Mpigaji anaita mpira ulio mbele yake, mwenzake wa upande wa pili anaita uliokwenda nyuma ya wiketi. Wafanye zoezi hilo kwa sauti kubwa hata wakiwa wawili tu uwanjani, kwa sababu anayenong'ona mazoezini hunong'ona pia mechini.

Kurusha kwa kasi: alama, mguu, mgongo

Mwendo wa kukimbia hupimwa kinyumenyume. Mrushaji asimame kwenye mstari wa kupigia, aupe mgongo wiketi ya mpigaji, akimbie kwa mdundo wake wa kawaida na kuachia mpira anapojisikia yuko tayari. Mwenzake aweke alama mguu wa mbele ulipotua. Rudieni mara sita, chukueni mahali alama zilipokusanyika, pimeni kwa futi ya kamba na kuandika. Alama iliyokadiriwa kwa hatua inabadilika mtu akichoka au uwanja ukiteremka. Kiasi cha kasi ni kile kinachomfikisha mstarini akiwa na mwendo anaoweza kuutumia. Mwendo mrefu unaomchosha kabla ya kufika haumwongezei kitu.

Sasa sehemu inayostahili uangalifu wote wa kocha. Mguu wa mbele unapotua, mwili hupokea nguvu mara kadhaa ya uzito wake, wakati huo huo mgongo wa chini unapinda pembeni na kujisokota. Mrushaji ambaye nyonga zake zimetazama mbele wakati mabega yamegeuka pembeni, au aliyegeuza mabega zaidi baada ya mguu wa nyuma kutua, anausokota mgongo huo zaidi. Mfupa wa pingili za kiuno huanza kuchoka na kupata ufa, kwa kawaida upande wa pili wa mkono unaorusha. Vijana wamo hatarini zaidi kwa kuwa mifupa yao haijakomaa. Dalili ya mapema ni maumivu ya upande mmoja wa kiuno yanayochomoza mtu akisimama kwa mguu mmoja na kujipinda nyuma. Akiyapata, aache kurusha siku hiyo hiyo na aonwe na daktari. Kumpa dawa ya maumivu ili amalize ova zake kunaweza kumgharimu msimu mzima.

Kuangalia hilo kunahitaji simu yenye kamera ya mwendo wa polepole. Piga picha kutoka mbele na kutoka pembeni, simamisha pale mguu wa nyuma unapotua, tazama nyonga na mabega. Vikubaliane: vyote pembeni, vyote mbele, au vyote katikati. Zamani kila mtoto alilazimishwa kusimama pembeni, na ulazimishaji huo huo uliwatia wengine matatizo, kwa sababu miguu yao ilibaki mbele na mabega pekee yakageuzwa. Mwache na umbo lake, hakikisha tu sehemu zinakubaliana.

Kujenga mrusho kuende kwa ngazi: mipira sita ukiwa umesimama, sita kwa hatua tatu, sita kwa hatua sita, ndipo mwendo kamili. Nguvu ianze kama asilimia 60. Kwa shabaha, tandika kitambaa kuanzia mita 6 hadi 8 kutoka vijiti vya mpigaji, upana wa sentimita 30, kwenye mstari wa kijiti cha ofu. Kwa watu wazima wa kasi, hapo ndipo mpigaji anaposita aende mbele au nyuma. Mpira ndani ya kitambaa pointi mbili, sahihi kwa urefu tu au kwa mstari tu pointi moja, vinginevyo sifuri. Mipira 24, andika jumla. Mipira inayotua karibu mno na mrushaji imeachiwa kwa kuchelewa, na inayokwenda mbali mno kuelekea miguu ya mpigaji imeachiwa mapema. Inayopotea upande wa mguu mara nyingi inatokana na kichwa kuanguka pembeni na mkono wa mbele kuvutwa kando badala ya kushuka karibu na mbavu.

Mpira hupindaje hewani? Mshono usimame wima, uinamishwe kidogo kule unakotaka mpira uende, na uso unaong'aa uwe upande wa pili. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mshono ukielekea slipu na uso unaong'aa ukiwa upande wa mguu, mpira utamkimbia. Jaribu kwa kumrushia mwenzako mpira kutoka mita 10 kwa kiganja kilichosimama nyuma yake, mkitazama mshono. Ukitikisika, kidole kimoja kinasukuma kuliko kingine au kiganja kimelala. Jasho linaruhusiwa kung'arishia mpira, ila tangu kanuni za mwaka 2022 mate hayaruhusiwi, na ni vizuri vijana waizoee kanuni hiyo mazoezini.

Kwa wanaozungusha mpira, warushaji wa polepole wanaotaka ugeuke ukidunda, nina msimamo mmoja: kwanza uzunguke, shabaha itafuata. Mtoto akisukumwa kuwa sahihi mapema, hujifunza kuuweka mpira badala ya kuuzungusha, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa. Mpe mpira wenye nusu mbili za rangi tofauti ili aone anachokifanya. Kidole cha shahada ndicho kinachofanya kazi kwa mzunguko wa ofu (mpira unaogeuka kutoka upande wa ofu), na cha pete kwa mzunguko wa mguu (unaogeuka kutoka upande wa mguu), pamoja na kiganja. Baadaye funga kamba juu ya usawa wa macho ya mpigaji, mita chache mbele yake, na kila mpira upite juu yake ndipo ushuke. Wanaorusha kwa haraka na ubapa watailalamikia kamba hiyo wiki nzima. Mkono unaweza kuwa umepinda, lakini kanuni za kimataifa haziruhusu kiwiko kinyooke zaidi ya digrii 15 wakati wa mrusho. Ukiona mashaka, rekodi mapema kabla tabia haijajenga nyumba.

Mikono

Kudaka kunaharibiwa na woga zaidi ya kitu kingine. Mtoto aliyepigwa na mpira mgumu wa gramu 160 hufumba macho, na jicho lililofumbwa halidaki. Mwanzie mpira wa tenisi, kisha mpira wa plastiki mzito kidogo, ndipo ule wa ngozi. Wenye umri chini ya miaka 13 hutumia mpira mwepesi zaidi, wa gramu 133 hadi 144. Mikono ilegee na irudi pamoja na mpira, kama anayepokea yai. Kwa mpira wa juu, ita jina lako mapema, fika chini yake, simama, na udake usawa wa macho. Anayedaka akiwa bado anakimbia, kichwa chake kinaruka na mpira unaonekana kama unacheza angani.

Midako 50 kwa kikao inatosha: 20 ya chini, 20 ya juu, 10 ya kukimbilia. Mirusho ya nguvu kutoka mbali isizidi 30 au 40, kwa sababu bega huchoka kimyakimya. Mlinda wiketi, anayekaa nyuma ya vijiti vya mpigaji, abaki chini mpaka mpira udunde, ainuke pamoja nao. Akisimama karibu na vijiti avae kofia ngumu, bila mjadala.

Mwili unaohitajika

Kriketi hudanganya macho. Mtu anatembea saa nyingi, kisha ghafla anakimbia mita 20 kwa nguvu zote. Mrushaji wa mechi ya ova 50 anaruhusiwa ova 10, yaani mipira 60. Kwa mwendo wa mita 25 hiyo ni kilomita moja na nusu ya mbio, ikikatwa vipande 60, kila kimoja kikiishia na mguu kugonga ardhi. Mbio ndefu za polepole peke yake hazimwandai kwa hilo. Zinazofaa ni mita 20 mara sita kwa mapumziko ya sekunde 20, seti tatu, mara mbili kwa wiki. Timu nyingi hupima stamina kwa jaribio la yo-yo: mita 20 kwenda, 20 kurudi, sekunde 10 za kupumzika, na kasi inapanda mpaka mtu ashindwe kuifikia.

Kwa nguvu, chagua machache: kuchuchumaa kwa mguu mmoja mara 8, seti tatu, kupiga magoti na kujishusha mbele polepole huku mwenzako ameshika vifundo, mara 5, kwa misuli ya nyuma ya paja, kujiegemeza kwa ubavu sekunde 30 kila upande, na kuvuta utepe wa mpira kwa bega, mara 15. Zoezi la ubavu lisiachwe. Misuli ya ubavu wa mkono usiorusha ndiyo inayochanika kwa warushaji wa kasi, na ikichanika ni wiki za kukaa nje.

Jambo linaloumiza zaidi ni mzigo unaopanda ghafla. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2003 kwa warushaji wa kasi wa ngazi ya juu ulikuta majeraha yakiwa machache kwa waliorusha kati ya mipira 123 na 188 kwa wiki. Waliozidi waliumia zaidi, na waliopungukiwa nao pia, maana mwili usiozoeshwa hauna ulinzi. Kwa vijana, ukomo huwekwa kwa umri: bodi ya England na Wales kwa miaka mingi imetumia ova 5 kwa mkupuo na 10 kwa siku kwa walio chini ya miaka 13, na ova 6 na 12 kwa walio chini ya 15. Hesabu kila mpira, pamoja na wa neti na ule wa kumsaidia rafiki jioni. Mtoto anayechezea shule, klabu na timu ya umri wake ana makocha watatu, na mara nyingi hakuna hata mmoja anayejua jumla. Daftari liwe la mtoto mwenyewe, na asafiri nalo.

Kwa joto, mpime mchezaji uzito kabla na baada. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Na kofia iliyopigwa na mpira kwa nguvu ibadilishwe hata kama haina ufa, na aliyepigwa kichwani asirudi kucheza siku hiyo akiwa na dalili yoyote.

Dakika 90 za kikao

Anza na dakika 15 za kupasha mwili moto kwa kukimbia, kunyoosha kwa mwendo na kurusha polepole. Dakika 15 za kudaka wakati mikono bado mipya. Dakika 20 za pigo au mrusho mmoja unaojengwa. Kisha dakika 30 za mazingira ya mechi, zenye wazuiaji, mikimbio ya kutafuta na adhabu ya kutolewa. Zinazobaki ni za kunyoosha misuli na kuandika: mipira iliyorushwa, pointi za kitambaa, midako iliyoanguka.

Kocha achague jambo moja kwa mchezaji mmoja kwa siku moja. Anyamaze kwa ova nzima, ndipo aulize, "Mpira wa nne ulikuwaje?" Na badala ya "inua kiwiko", aseme "upige upite kati ya zile koni." Maneno yanayoelekeza macho nje, kwenye mpira na shabaha, huuacha mwili upange viungo vyake wenyewe. Yanayoelekeza ndani humfanya mchezaji ajitazame mwenyewe katika nusu sekunde ambayo mpira uko njiani.

Siku mbili kabla ya mechi, mrushaji wa kasi arushe mipira 18 hadi 24 tu, kwa alama yake kamili, akilenga kitambaa. Siku moja kabla, adake, atembee kwenye pichi, ule ukanda ulio kati ya wiketi mbili, apime tena alama yake kwa kamba, na alale.